Wameshamalizana, na Mtoto Je?



Huku kwetu Karagwe na Kyerwa kuna neno linanisumbua: "wameshamalizana." Mtoto kaumizwa, wazee wanakaa kikao, inatoka mbuzi au hela kidogo, rubisi inanywewa, basi, yameisha. Yameisha kwa nani? Mtoto mwenyewe hakuitwa hata kuulizwa. Kesho anakutana na mtu yule yule njiani akienda kuchota maji.

Twende taratibu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kutotenda ni dhambi pale unapoacha jema ulilowajibika kulitenda. Si kila ubaya duniani ni deni lako. Sasa, mtoto wa jirani ni wajibu wangu? Wengi tunajibu kimoyomoyo, "hapana, ana wazazi wake." Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inajibu ndiyo: mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anamnyima chakula, mavazi, matibabu au shule, anapaswa kutoa taarifa serikali ya mtaa.

Zingatia hapo, mzazi *mwenye uwezo*. Bibi anayelea wajukuu watano kwa kishamba cha migomba si mhalifu. Huyo jumuiya impelekee maharage na madaftari. Ila baba anayeuza kahawa yote na kuzimalizia hela Omurushaka huku watoto wanalala njaa, huyo ni habari nyingine.

"Lakini tunamjua, ni mtu wa kanisani." Hapo ndipo pagumu. Mwaka 2024, hapa hapa Kagera, wilayani Muleba, mtoto mdogo mwenye ualbino aliibwa nyumbani kwao na kuuawa. Kati ya watu tisa waliofikishwa mahakamani walikuwemo baba yake mzazi na padre. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Sisi tuache tu kudhani kwamba undugu au cheo ni dhamana. Papa Fransisko, katika *Vos estis lux mundi* ya mwaka 2019, aliwapa makleri na watawa wajibu wa kutoa taarifa ndani ya Kanisa, na mlei naye anaweza. Hiyo haiondoi polisi.

Mtoto akikueleza jambo, msikilize tu. Usimhoji kama askari, usimwahidi kwamba itabaki siri. Kama amebakwa, afikishwe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia VVU zina muda wake. Asiogeshwe kwanza wala nguo zisifuliwe. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ni bure, hata kwa wewe unayeogopa kuitwa mmbea.

Namba ya ofisa ustawi wa jamii unayo kwenye simu? Jumamosi hii jumuiyani, mwombeni mwenyekiti aisome kabla ya matangazo ya michango.