Watu Wakiongezeka, Shamba Litapumzika Lini?

Watu huzaana, lakini ardhi haizaani. Kijiji kikiongezeka watu, ekari zake hubaki zile zile. Tukianzia hapo, tunaweza kueleza hatua kwa hatua jinsi matumizi ya ardhi vijijini yanavyobadilika.

Kila mavuno huondoa nitrojeni, fosforasi na madini mengine udongoni. Zamani mkulima aliirudisha rutuba kwa kuliacha shamba liote kichaka. Mizizi mirefu ilivuta madini kutoka chini, majani yalidondoka na kuoza, na kivuli kikadhoofisha magugu.

Sasa tupige hesabu. Tuseme familia hulima ekari 3 kila mwaka, na kila kipande hulimwa miaka 3 kisha hupumzishwa miaka 15. Mzunguko huo ni wa miaka 18, kwa hiyo familia inahitaji ekari 18. Familia zikiongezeka maradufu, kila moja hubaki na ekari 9, na mapumziko hushuka hadi miaka 6. Zikifika mara nne, kila moja ina ekari 4 na nusu, na mapumziko ni mwaka mmoja na nusu. Kichaka hakiwahi kuota. Rutuba isipotafutwa kwingine, mavuno yatapungua.

Mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1965 kwamba uhaba huu wa ardhi ndio humsukuma mkulima kubadili mbinu. Ardhi ikiwa tele, hana sababu ya kujichosha kubeba samadi na kuchimba makinga maji.

Tuangalie Machakos, Kenya. Miaka ya 1930 mmomonyoko ulikuwa umeitafuna milima yake. Serikali ya kikoloni ilipoamua kuudhibiti kwa kupunguza mifugo kwa nguvu, Wakamba waliandamana hadi Nairobi mwaka 1938 wakiongozwa na Muindi Mbingu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wilaya ya Machakos ilikuwa na watu wapatao 240,000; kufikia mwaka 1989 walikaribia milioni 1.4. Hata hivyo, utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua na thamani ya mazao kwa kila mtu imepanda.

Kazi kubwa ilifanywa na matuta ya fanya juu. Mkulima huchimba mtaro unaokatiza mteremko, akitupa udongo upande wa juu. Mvua ikinyesha, tuta huzuia maji yakazama ardhini, na udongo uliosombwa hutua hapo. Miaka ikipita, mteremko hugeuka ngazi. Juu ya tuta hupandwa nyasi za kulisha ng'ombe zizini, na samadi yao hurudi shambani. Jasho limeshika nafasi ya kichaka.

Lakini wingi wa watu peke yake hauponyi udongo. Machakos ilikuwa karibu na soko la Nairobi, kahawa na matunda vilileta fedha, na mishahara ya mjini ilinunua plau. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, viliunganisha mikono. Zaidi ya yote, mtu alichimba akijua shamba ni lake. Nani atachimba mtaro mahali anapoweza kufukuzwa kesho?

Anayetaka kuokoa udongo wa kijiji asiishie kuhesabu watu. Awahakikishie umiliki wa mashamba yao na barabara ya kufika sokoni, kwa sababu bila hivyo hata jembe zuri halitainuliwa.