SOMO: Fundi wa Mtaani na Cheti Chake

Kutoka 35:30–35



Musa alimtaja Bezaleli kwa jina mbele ya wana wa Israeli. Tena yeye na Oholiabu walipewa moyo wa kufundisha wengine. Hapa tunajifunza mambo mawili: ujuzi hutambuliwa hadharani, na ujuzi hurithishwa.

Katika sharika zetu tunao waashi, maseremala na mafundi wa kuchomelea waliojifunza kwa kumfuata fundi mkubwa. Wamejenga makanisa yetu, lakini penye kazi ya mkataba hubaki vibarua, kwa kuwa hawana cheti.

VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Fundi hupimwa, huongezewa mafunzo mafupi palipopungua, kisha hupewa cheti. Hana haja ya kuanza upya darasani. Kinachomkwamisha ni ada, nauli na siku za kazi anazopoteza.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Kamati ziorodheshe mafundi wa usharika, wake kwa waume, na kuwafikisha VETA.

2. Kijana anayejifunza kwa fundi awe na makubaliano ya maandishi: muda, kazi atakazofundishwa, posho na vifaa vya usalama.

3. Wafadhili, kabla ya kujenga karakana mpya, tuwachangie kwanza hawa wenye ujuzi tayari.

Maswali ya kujadili: Nani alijenga kanisa lenu? Je, ana cheti? Anamfundisha nani?