Pua ya Darwin na Hukumu ya Kufumba na Kufumbua

Mwaka 1831 Robert FitzRoy, nahodha kijana wa meli ya Beagle ya jeshi la majini la Uingereza, alitafuta msomi wa kuandamana naye katika safari ndefu ya kupima pwani za Amerika Kusini. Akaletewa Charles Darwin, mwenye umri wa miaka 22. FitzRoy alimtazama usoni, akasita. Pua haikumridhisha. Nahodha huyu alikuwa mfuasi wa Johann Lavater, mchungaji wa Uswisi aliyefundisha kwamba tabia ya mtu imeandikwa kwenye sura yake, na kwa mafundisho hayo mwenye pua ya namna ile hakuwa na nguvu wala msimamo wa kuhimili bahari. Darwin mwenyewe ndiye aliyeyasimulia haya uzeeni. Alichukuliwa, lakini chupuchupu.

Tunaicheka habari hiyo ya pua, kisha tunapanda daladala na kabla ya kituo cha pili tumeshaamua kwamba konda ni mkorofi, dada wa dirishani anajisikia, na yule mwenye kofia ni wa kumkalia mbali. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Kabla ya kulaumiana, tuanze na swali la chini kabisa: ubongo unatafuta nini unapomwona mtu usiyemjua?

Unatafuta mambo mawili. La kwanza ni nia: huyu ananitakia heri au shari? La pili ni uwezo: hilo analolitaka, ataliweza? Adui asiye na uwezo hatishi, na rafiki asiye na uwezo hasaidii, kwa hiyo yote mawili ni lazima yajulikane. Tatizo ni kwamba nia haina rangi, na uwezo hauna umbo. Kinachofika jichoni ni mwanga tu uliogonga ngozi, nguo na meno. Kutoka kwenye mwanga huo hadi kusema "huyu anaaminika" kuna pengo, na ubongo hauna namna ya kulivuka ila kwa kukisia. Basi tusiulize kwa nini watu wanakisia, maana hakuna awezaye kuacha. Tuulize kwa nini wanakisia upesi hivyo, na kwa nini wakikosea hawagundui.

Upesi wenyewe umepimwa. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichapisha jaribio ambalo watu walionyeshwa picha za nyuso ngeni kwao. Picha nyingine zilikaa kwenye skrini kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, nyingine nusu sekunde, nyingine sekunde nzima. Je, mtu huyu anaaminika? Ana uwezo? Ni mkali? Majibu yaliyotolewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde yalifanana sana na ya watu wengine walioachwa watazame kadiri walivyotaka, na sifa iliyoongoza kwa kufanana ilikuwa uaminifu. Muda ulipoongezwa, hukumu zilibadilika kidogo. Kujiamini kwa waliohukumu ndiko kulikopanda.

Msomaji makini atauliza hapo hapo: kufanana na nini? Jaribio halikuonyesha kwamba watu walipatia. Lilionyesha kwamba walikubaliana, na watu elfu wanaweza kukubaliana juu ya jambo la uongo. Wanakubaliana kwa sababu wote wana kipaji kimoja, cha kusoma hasira na furaha usoni. Kipaji hicho kina faida ya kweli, maana hasira ya mtu aliye mbele yako inahusu usalama wako sasa hivi. Ila hakizimwi pale ambapo hakuna hasira ya kusoma. Todorov na wenzake walipochunguza nyuso tulivu, zisizoonyesha hisia yoyote, waliona kwamba zile ambazo kwa maumbile zinakaribia kufanana na uso wa hasira hudhaniwa haziaminiki, na zinazokaribia tabasamu hudhaniwa ni za watu wema. Aliyezaliwa na nyusi zilizokaa chini karibu na macho, na pembe za mdomo zilizoinama, huonekana amenuna maisha yake yote. Anaweza kuwa anawaza mboga ya jioni. Mwenzake kwenye foleni ya benki ameshajivuta hatua moja nyuma.

Kwa nini ubongo usingoje ushahidi zaidi? Kwa sababu makosa hayana bei moja. Unatembea kwenye njia ya porini giza linaingia, na mbele yako kuna kitu kirefu kilichojipinda. Ukiruka na kumbe ni kamba, umechekwa. Usiporuka na kumbe ni nyoka, pengine hutarudi nyumbani. Kiumbe anayeruka mara mia bure na kuokoka mara moja ndiye anayebaki kuzaa, na sisi ni wajukuu wa waliokuwa wakiruka.

Kwa nyoka, hesabu hiyo haina ubaya. Kwa watu inaleta balaa, na balaa hilo unaweza kulihesabu kwa penseli. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika mtaa mmoja wa Kariakoo wapo watu 1,000, na kati yao vibaka ni 10. Tuseme una jicho ambalo hakuna askari aliyewahi kuwa nalo: katika vibaka 10 linawatambua 9, na katika kila watu wema 10 linamshuku kimakosa mmoja tu. Haya, zunguka mtaani. Vibaka utawapata 9. Watu wema ni 990, na sehemu ya kumi yao ni 99. Umewanyooshea kidole watu 108, na 99 kati yao hawajaiba hata sindano. Katika kila watu 12 unaowashuku, 11 umewaonea, na hapo tumekupa jicho la miujiza.

Jicho letu la kawaida liko mbali na hapo. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti nyingi kuhusu jinsi watu wanavyomtambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza. Wastani wa kupatia ulikuwa asilimia 54. Ukirusha sarafu unapata 50. Ikumbuke namba hiyo kila unaposoma gazetini kwamba kijana ameuawa na "wananchi wenye hasira kali" baada ya mtu mmoja kupiga kelele za mwizi.

Nisilionee jicho nalo. Yako mambo linayoyapata. Nalini Ambady na Robert Rosenthal walionyesha mwaka 1993 kwamba watu waliotazama vipande vifupi vya video isiyo na sauti, vya walimu wakifundisha, walitoa alama zilizokaribiana na za wanafunzi waliofundishwa na walimu hao muhula mzima. Uchangamfu una dalili za nje, hivyo unaonekana. (Ingawa mtu anaweza kuuliza kama wanafunzi nao hawakuwa wameshaamua tangu siku ya kwanza.)

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito: kwa nini hukumu mbovu hudumu? Jaribu kitu alichokifanya Solomon Asch nchini Marekani mwaka 1946. Kundi moja lilisomewa kwamba kuna mtu mwerevu, mchapakazi, mwenye papara, mkosoaji, mkaidi na mwenye wivu. Kundi la pili lilisomewa maneno hayo hayo sita kuanzia mwisho: mwenye wivu, mkaidi, mkosoaji, mwenye papara, mchapakazi, mwerevu. Kundi la kwanza kwa jumla liliona mtu hodari mwenye kasoro zake. La pili liliona mtu mwenye matatizo, ambaye hata uhodari wake umezibwa na kasoro hizo. Neno la kwanza linayapaka rangi yanayofuata: ukaidi wa mwerevu ni msimamo, werevu wa mwenye wivu ni ujanja.

Lakini liko kosa baya kuliko hilo. Ukimdhania mtu mbaya kuwa mwema, utamsogelea, atakuumiza, nawe utajifunza. Ukimdhania mtu mwema kuwa mbaya, utamkwepa, na kwa kuwa umemkwepa hutapata ushahidi wa kukusahihisha. Makosa ya kuamini hujisahihisha. Makosa ya kushuku hubaki palepale, mwaka baada ya mwaka, yakilundikana. Mtafiti Jerker Denrell alilieleza hili kwa hisabati mwaka 2005. FitzRoy aliponea hapa tu: yeye na Darwin walikaa kwenye meli moja karibu miaka mitano, wakila meza moja, na baharini hakuna pa kumkwepea mtu. Kwa maelezo ya Darwin, nahodha aliishia kuridhika kwamba pua ilimdanganya.

Wengi wetu hatuna meli. Tunaweza kuwa na utaratibu. Mwaka 1955 Daniel Kahneman, akiwa na miaka 21 katika jeshi la Israeli, alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya. Aliwaagiza wasaili wapime sifa sita, moja baada ya nyingine, kwa maswali ya mambo halisi: umefanya kazi ngapi, ulikuwa ukifika kwa wakati, unakutana na marafiki mara ngapi. Kila sifa ilipewa alama 1 hadi 5 kabla ya kwenda kwa inayofuata. Wasaili walinung'unika kwamba anawageuza roboti. Akawakubalia jambo moja: mkimaliza zote sita, fumbeni macho, mwazieni huyo askari, mpeni alama ya moyoni. Jumla ya alama sita ilitabiri utendaji wa askari vizuri kuliko usaili wa zamani, na ile alama ya macho yaliyofumbwa nayo ilitabiri vizuri vilevile, kwa kuwa ilitolewa mwisho.

Basi ukitakiwa kumchagua mwalimu, mhasibu au dada wa kazi, andika mambo yako sita kabla hajabisha hodi, waulize wote maswali yaleyale, na alama ya moyoni uijaze ya mwisho.