Ceska Ikitoka Kusafishwa

Askari aliyeshinda doria Siakago hurudi na vumbi la Mbeere hadi ndani ya bastola. Mwenzake wa Maua, kwenye ukungu wa milima ya Nyambene, anapambana na kutu. Wote wawili lazima wasafishe silaha, na ajali nyingi za wakati wa kusafisha hutokana na risasi iliyosahaulika kwenye chemba.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuchomoa magazini, kuvuta slaidi, kisha kutazama chemba na kuipapasa kwa kidole. Risasi zote zibaki chumba kingine hadi kazi iishe.

Mfano mzuri ni CZ 75, mojawapo ya bastola ambazo Wakenya huziita Ceska. Ilibuniwa na ndugu Josef na František Koucký, na hutengenezwa Uherský Brod, nchini Cheki. Ina jambo lake la pekee: slaidi hupita ndani ya reli za fremu, ilhali kwenye bastola nyingi hupita nje. Mchanga kwenye reli hizo unaweza kuikwamisha, kwa hiyo zifutwe vizuri na kupakwa mafuta kiasi cha utando mwembamba. Mafuta mengi hunasa vumbi.

Wakati wa kuiunganisha tena, mtutu hurudi kwanza ndani ya slaidi. Springi na fimbo yake hufuata chini ya mtutu, kichwa cha fimbo kikiegemea donge la mtutu sawasawa. Hapa ndipo wengi hukosea. Slaidi huingizwa kwenye fremu kutoka mbele, alama mbili ndogo za nyuma zikalinganishwa, kisha pini ya kuzuia slaidi ikapenyezwa. Ikikataa, isigongwe kwa nyundo! Slaidi itolewe tena, fimbo ikaguliwe ilivyokaa.

Kuungana kwa vipande si ushahidi kwamba bastola ni salama. Ikiwa tupu na imeelekezwa pasipo mtu, slaidi ivutwe mara kadhaa. Magazini tupu ikiwemo, slaidi inapaswa kubaki nyuma, wazi. Nyundo ya bastola ikiwa imekokiwa na kizuizi cha usalama kimefungwa, kubonyeza triga kusiiangushe.

Ikishindwa jaribio hata moja, isitiwe risasi. Askari aikabidhi kwa fundi wa silaha wa kikosi chake. Raia mwenye leseni aipeleke kwa muuzaji silaha aliyeidhinishwa, kamwe si kwa fundi wa vyuma wa mtaani.