SOMO LA MWEZI: RUZUKU YA SERIKALI KWA MASKINI, NA MATUNDA YAKE

Someni: Walawi 19:9-10, Ruthu 2, 2 Wathesalonike 3:6-12.



Katika vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama liko neno linalosemwa hata mlangoni pa kanisa, ya kwamba fedha za TASAF zawafanya maskini kuwa wavivu. Neno hili lawachoma wajane na wazee wanaoketi pamoja nasi ibadani. Basi yatupasa kulipima kabla ya kulirudia.

1. Asili yake. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, uliwekwa na Serikali mwaka 2000. Mwaka 2012 ulianzishwa mpango wa kunusuru kaya maskini, na baadaye kaya zaidi ya milioni 1 ziliandikwa katika nchi nzima. Sehemu ya fedha ilifungwa kwa sharti: watoto wahudhurie shule, na wachanga wapelekwe kliniki. Wenye nguvu walipewa kazi za kijiji; katika utaratibu wa kwanza ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Hizo ni shilingi 138,000 tu. Ni nani awezaye kutupa jembe lake kwa ajili ya hizo?

2. Matunda yake nyumbani. Kuanzia mwaka 2010 mpango ulijaribiwa katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 40 vikapewa, 40 vikangoja. Walipolinganishwa, waliopewa walionekana kuwa na siku chache zaidi za ugonjwa, walijiunga zaidi na bima ya afya, na walinunua mifugo. Mvivu hula mbegu yake. Hawa walinunua mbuzi na kuku. Tena maskini aliye na akiba kidogo halazimiki kuuza mbuzi wake kwa hasara wakati wa njaa ya kabla ya mavuno.

3. Matunda yake sokoni. Shilingi haikai mkononi mwa maskini. Mjane anunua dagaa. Mwuza dagaa amlipa fundi. Fundi anunua mtama kwa mkulima. Huko Siaya, ng'ambo ya Ziwa katika nchi ya Kenya, kaya zaidi ya 10,000 zilipewa fedha kati ya miaka 2014 na 2017, si na serikali bali na shirika la hisani. Wachunguzi waliona ya kuwa majirani wasiopewa walifaidika pia kwa biashara na ujira, na bei zilipanda kidogo mno.

4. Hatari zake. Fedha huzaa pale tu bidhaa zinapoweza kuongezeka. Usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa. Fedha zikija wakati huo, bei yaweza kupanda, na asiyepewa ruzuku ataumia. Hatari ya pili ni mikono ya watu. Mwenye deni humngoja maskini siku ya malipo. Na sisi je? Wazee wa kanisa, msimngoje mjane siku hiyo kwa daftari ya michango. Atoe kwa hiari ya moyo wake. Hatari ya tatu ni kusahau ya kwamba ruzuku ina mwisho wake. Kwa hiyo wasaidieni kuunda vikundi vya kuweka akiba.

5. Fundisho. Torati iliwaamuru wenye mashamba waache masazo kwa ajili ya maskini na mgeni. Haikuwa hisani ya mtu, ilikuwa sheria ya taifa. Boazi aliwaonya watumishi wake wasimwaibishe Ruthu. Naye Ruthu aliokota mpaka jioni. Msaada na kazi vilikwenda pamoja. Mtume Paulo aliwakemea wasiotaka kufanya kazi, wala hakuwakemea wasioweza. Tusichanganye watu hawa wawili.

Maswali kwa darasa:
(a) Ni nani katika mtaa wetu anayestahili msaada lakini hana wa kumtaja katika mkutano wa kijiji?
(b) Shilingi ya mjane yapita mikono ya nani kabla ya kutoka kijijini?
(c) Ruzuku ikikoma, usharika utabeba nini?

Bwana atupe macho ya kuona, na ulimi usiojeruhi. Amina.