En-gedi: Maji Jangwani, Kisasi Pangoni

Somo: 1 Samweli 23:29 hadi 24:22

Leo tunajifunza juu ya mahali ambapo mkimbizi mmoja alipata maji, maficho na jaribu kubwa.

1. Mahali penyewe

En-gedi iko kando ya Bahari ya Chumvi, upande wa magharibi, katika jangwa la Yuda. Ufuo wake uko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari. Mvua ni haba, na maji ya bahari ile hayanyweki. Lakini mtu akipanda kwa miguu ndani ya korongo, kati ya kuta za mawe, anakuta chemchemi na maporomoko ya maji. Biblia inapaita pia Hasason-tamari (2 Nyakati 20:2), na tamari kwa Kiebrania ni mtende. En-gedi maana yake ni chemchemi ya mwana-mbuzi, na mbuzi-mwitu wa 24:2 wangali wanaonekana majabalini hadi leo.

Maji yale yanatoka wapi? Mvua hunyesha juu ya vilima vya Yuda, ikazama katika mawe ya chokaa, ikapita chini ya ardhi na kutokea bondeni. Sisi wa Mubuku tunalielewa jambo hili. Uwanda wetu una jua kali, lakini mto unashuka kutoka Rwenzori na mifereji inanywesha mashamba. Anayekunywa huku chini anakunywa maji ya mlimani.

2. Mkimbizi na adui yake

Daudi hakwenda En-gedi kutalii. Alikuwa anatafutwa auawe. Sauli alimfuata na watu 3,000, kisha akaingia peke yake katika pango lile lile alimojificha Daudi. Watu wa Daudi walimwambia kwamba siku yake imefika. Yeye akakata upindo wa vazi tu, na hata kwa hilo moyo wake ukamchoma. Akawazuia watu wake.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, Daudi hakuficha ubaya aliotendewa: alitoka nje, akamwita Sauli baba, akamweleza yote wazi, akamwachia Bwana hukumu. Pili, Sauli alilia, lakini Daudi hakurudi naye nyumbani. Alipanda ngomeni (24:22). Kusamehe si kusema kwamba hakuna kilichotokea, wala si kujirudisha hatarini.

3. Mafuriko kutoka mbali

Makorongo ya jangwani yana hatari moja. Mvua ikinyesha mbali vilimani, maji hushuka ghafla, hata kama juu ya msafiri hakuna wingu. Kasese inajua: Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulishuka kutoka milimani ukabomoa nyumba za watu.

Chuki ni hivyo hivyo. Ilinyesha kule tulikotoka, miaka mingi iliyopita, lakini inashuka hapa kwenye bomba la maji. Mama anasukuma ndoo ya mtoto kwa sababu ya kabila la baba yake. Mtoto huyo amezaliwa hapa. Vita ile hakuiona.

Ndugu, kila mmoja wetu anaye Sauli wake. Pengine siku moja atakuja jirani, mwenye kiu, bila ulinzi. Siku hiyo kutakuwa na watu wa kutuambia kwamba Mungu ndiye aliyemleta mkononi mwetu. Daudi aliyasikia maneno hayo hayo pangoni, akakataa.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini moyo wa Daudi ulimchoma kwa kipande cha nguo tu?
2. Tunawasimulia watoto wetu nini juu ya waliotukosea, na kwa moyo gani?
3. Juma hili, ni nani tutakayempisha achote maji kwanza?

Tusome pia Warumi 12:17-21. Amani ya Kristo ikae nyumbani mwenu.