SOMO LA FAMILIA: KUMALIZA DAWA YA HOMA YA INI C MPAKA KIDONGE CHA MWISHO

Masomo ya kusoma nyumbani kabla ya kuanza: 1 Wafalme 19:1-8, 2 Wafalme 5:1-14, Luka 17:11-19



Tunawasalimu ninyi mnaokaa hapa Bujumbura, katika Buyenzi, Bwiza, Kinama na mitaa mingine, pamoja na ndugu zetu walioko makambini, na wale waliovuka mpaka kutoka Kivu ya Kusini mwaka 2025 wakiwa na nguo walizovaa tu. Katika kuwatembelea wagonjwa tumekutana na jambo ambalo halisemwi sana kanisani. Wako ndugu kati yetu walioambiwa na daktari kwamba wana homa ya ini C, wakaanza dawa, na sasa dawa inawasumbua. Wengine wanataka kuiacha. Kwa sababu hiyo tumeona vema somo la safari hii liwe juu ya jambo hilo.

1. UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Homa ya ini C inaletwa na kirusi kinachokaa katika damu na kuharibu ini polepole. Mtu anaweza kuishi nacho miaka 20 au 30 bila kusikia lolote, na huku ini linaendelea kukomaa na kuwa gumu. Wengine mwishowe hupata saratani ya ini. Wanasayansi walikitambua kirusi hiki mwaka 1989, na waliofanya kazi hiyo, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 wanaishi nacho duniani.

Kinaingia kwa njia ya damu: sindano iliyotumiwa kwa watu wawili, damu ya kuongezewa ambayo haikupimwa, wembe wa kuchanja chale, kisu cha kukata kirimi, au vyombo vya kuumika visivyochemshwa vizuri. Sisi tuliokulia vijijini twajua jinsi wembe mmoja ulivyopita kwa watoto wengi. Basi mgonjwa asihukumiwe kana kwamba ametenda dhambi ya siri. Wengi waliambukizwa wakiwa mikononi mwa wazazi waliokuwa wakiwatafutia uzima.

Hakiambukizwi kwa kula sahani moja, kusalimiana kwa mkono, kukumbatiana, wala kushiriki Meza ya Bwana pamoja. Mama mwenye ugonjwa huu anaweza kunyonyesha, isipokuwa chuchu zikipasuka na kutoa damu, hapo angoje zipone kwanza. Kinachokatazwa ni kuazimana wembe, mswaki, mkasi wa kucha na sindano.

Tena, kipimo cha kwanza kinaonyesha tu kwamba mwili ulikutana na kirusi. Karibu watu 3 katika 10 hukiondoa wenyewe bila dawa. Ndiyo maana daktari huagiza kipimo cha pili, cha kutafuta kirusi chenyewe katika damu, kabla ya kuanza dawa.

2. DAWA ZA ZAMANI NA DAWA ZA LEO

Hofu nyingi zimetoka kwenye habari za zamani. Ni kweli kwamba zamani wagonjwa walichomwa sindano za intaferoni kila juma, pamoja na vidonge vya ribavirini kila siku, kwa majuma 24 au 48. Walitetemeka kwa homa, nywele zilipungua, damu ilipungua, na wengine walishikwa na huzuni nzito hata kukata tamaa ya kuishi. Na baada ya mateso hayo yote, wengi hawakupona.

Dawa za leo ni nyingine. Ni vidonge, kama sofosbuviri ikiunganishwa na daklatasviri au velpatasviri. Kwa wagonjwa walio wengi ni majuma 12 tu, na zaidi ya watu 95 katika 100 hupona kabisa. Sofosbuviri ilipoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2013, dawa ya majuma 12 iliuzwa dola 84,000. Baadaye viwanda vya India na Misri vilitengeneza dawa ileile kwa bei ndogo sana. Misri, nchi iliyokuwa na wagonjwa wengi kupita kiasi, ilianza mwaka 2018 kupima watu wake kwa mamilioni na kuwatibu. Jirani zetu wa Rwanda nao walitangaza mwaka huohuo mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu. Basi tusiichukulie dawa hii kama kitu kidogo. Aliyeipata amepewa mlango ambao wengi waliutamani wakafa bila kuuona.

3. MAUDHI YA DAWA NA JINSI YA KUYABEBA

Hata dawa za leo zina maudhi yake. Mara nyingi ni madogo, nayo hupungua kadiri majuma yanavyopita. Lakini kwa mtu anayelala chini, anayekula mara moja kwa siku, na mwenye mawazo ya nyumbani kwao, maudhi madogo huwa makubwa.

Uchovu. Huu ndio unaosumbua wengi. Tazameni Eliya katika 1 Wafalme 19. Alikuwa mkimbizi, amechoka, akaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Ndivyo tunavyopaswa kumtunza mgonjwa. Afanye kazi nzito asubuhi akiwa na nguvu, apumzike mchana kidogo, atembee polepole jioni. Kulala mchana kutwa huongeza uchovu.

Kichwa kuuma. Upungufu wa maji unaweza kuuongeza. Anywe maji safi mara kwa mara siku nzima, isipokuwa kama daktari amemwekea kipimo kwa sababu ya tumbo kujaa maji. Kabla ya kununua dawa ya maumivu, aulize ni ipi na kiasi gani. Parasetamoli ikizidishwa huumiza ini, na ibuprofeni au diklofenaki zinaweza kuwa za hatari kwa mwenye ini lililokomaa.

Kichefuchefu. Ale kidogo kidogo mara nyingi: uji mwepesi, ndizi, viazi. Mafuta mengi yaachwe kwa siku hizo. Wengine husaidika wakinywa kidonge pamoja na chakula. Kama ametapika muda mfupi baada ya kumeza, aulize kituo cha afya kama arudie, asijiamulie.

Usingizi kukosekana. Aulize kama anaweza kumeza kidonge asubuhi badala ya usiku. Chai na kahawa ziishie mchana.

Wanaopewa ribavirini pamoja na dawa nyingine. Hii hupunguza damu, na mtu huishiwa pumzi akipanda hata mlima mdogo. Basi asikose siku ya kupimwa damu. Aimeze pamoja na chakula. Huleta pia kuwashwa kwa ngozi. Zaidi ya yote, inamharibu mtoto aliye tumboni. Mume akiinywa, wazuie mimba muda wote wa dawa na angalau miezi 6 baadaye; mke akiinywa, angalau miezi 9 baadaye. Wachungaji na wamama wa kanisa wasione haya kulisema jambo hili kwa wanandoa.

Siku ya kusahau. Mtu akisahau kidonge asimeze viwili kwa pamoja kesho yake. Amweleze muuguzi. Ili asisahau, aambatanishe kidonge na jambo la kila siku, kama sala ya asubuhi.

4. ISHARA ZA KWENDA HOSPITALI UPESI

Macho kuwa ya manjano. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Tumbo au miguu kuvimba. Kuchanganyikiwa au kusinzia ovyo. Kukosa pumzi au kifua kuuma. Uso na midomo kuvimba pamoja na vipele. Huzuni inayomfanya mtu afikirie kujiua. Hayo si ya kungojea Jumapili wala maombi ya mkesha. Mwombeeni mkiwa njiani.

5. MAMBO MANNE YANAYOHARIBU DAWA

La kwanza, kuchanganya dawa. Mgonjwa apeleke kwa daktari kila anachotumia, hata mizizi na majani. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na baadhi ya dawa za kifafa, huifanya dawa ya ini ipoteze nguvu. Baadhi ya dawa za kiungulia huizuia isiingie vizuri mwilini. Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI na dawa za moyo waseme pia. Tena apimwe homa ya ini B kabla ya kuanza, kwa maana kirusi B kilicholala kinaweza kuamka wakati C inatibiwa.

La pili, pombe. Wako wanaolishika neno la Paulo kwa Timotheo, 1 Timotheo 5:23, juu ya divai kidogo kwa ajili ya tumbo. Paulo alimwandikia mtu mwenye shida ya tumbo, akimtakia afya. Mtu mwenye ini linaloumwa akinywa urwarwa au kanyanga, hafuati shauri hilo, maana anakwenda kinyume cha afya aliyotakiwa Timotheo.

La tatu, kugawana. Sisi wakimbizi tumezoea kugawana, na ni jambo jema: kikombe cha unga hugawanywa kwa nyumba mbili. Lakini tumesikia habari za mume na mke, wote wagonjwa, dawa ikapatikana ya mmoja tu, nao wakataka kugawana nusu kwa nusu. Upendo huo ni wa kweli, lakini matokeo yake ni wote wawili kubaki na kirusi, na huenda kirusi hicho kikazoea dawa. Katika jambo hili upendo ni mmoja amalize, na kanisa lote lisimame kumtafutia wa pili.

La nne, kuacha katikati. Mtu huacha kwa sababu mbili: amesikia nafuu, au amesikia vibaya. Naamani aliambiwa ajichovye mara 7. Maandiko hayasemi kwamba mara ya tatu au ya tano ngozi ilibadilika. Utakaso ulitajwa baada ya mara ya 7. Kama angetoka mtoni mara ya 6 angerudi Shamu na ukoma wake. Ndivyo ilivyo kwa juma la 5 au la 9. Kirusi kilichobaki kidogo huzaana tena.

6. MAOMBI, KUFUNGA NA DAWA

Wengine wameuliza, je, kunywa dawa ni kukosa imani? Na wengine wameambiwa baada ya maombi kwamba watupe vidonge. Jibu letu ni Luka 17. Bwana Yesu aliwatuma wenye ukoma wakajionyeshe kwa makuhani, yaani kwa wale waliokuwa na kazi ya kuwakagua. Uponyaji wa kweli hauogopi kukaguliwa. Mtu akiamini kwamba amepona, amalize dawa, kisha aende kupimwa, na kipimo kitakuwa ushuhuda wake mbele ya wote.

Kuhusu kufunga: mgonjwa aliye katika dawa asifunge kufunga kavu. Anahitaji maji na chakula. Yeye anaweza kujinyima mambo mengine, nasi tufunge kwa ajili yake.

7. KAZI YA FAMILIA NA YA KANISA

Kumbukeni kwamba Naamani alikasirika akataka kwenda zake, na waliomrudisha mtoni walikuwa watumishi wake, kwa maneno ya upole. Familia ndiyo hiyo.

Nyumbani, mtu mmoja achaguliwe kumkumbusha mgonjwa kidonge. Watoto wafundishwe kwamba baba au mama akinyamaza au akikasirika upesi, ni uchovu, si kuwachukia. Posho inapopungua, mgonjwa asiwe wa mwisho kula.

Kanisani, wamama wamsaidie kuchota maji na kuleta uji au ndagala kidogo. Vijana wamsindikize hospitali. Mashemasi wachange nauli ya siku ya kipimo. Siri yake itunzwe, asitajwe kwa jina katika maombi ya hadhara bila ruhusa yake.

Kwa anayehamishiwa kambi nyingine au mji mwingine: asiondoke kabla ya kumwambia daktari. Achukue karatasi yenye jina la dawa, tarehe ya kuanza na vipimo vyake, pamoja na vidonge vya kumtosha. Karatasi hiyo aitunze pamoja na hati zake za ukimbizi.

8. BAADA YA KIDONGE CHA MWISHO

Kumaliza vidonge bado si mwisho. Majuma 12 baada ya kumaliza, mgonjwa hurudi kupimwa. Kirusi kisipoonekana, amepona. Asipokwenda, hatajua. Aliyekuwa na ini lililokomaa aendelee kuangaliwa na daktari, kwa kuwa hatari ya saratani haiishi yote. Kipimo cha kwanza kitaendelea kuonyesha alama ya ugonjwa hata baada ya kupona, asishtuke. Wala kupona hakumkingi asiambukizwe tena, na chanjo ya C haipo hadi leo. Chanjo iliyopo ni ya homa ya ini B, nayo watoto wetu wapewe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Malaika alimfanyia Eliya mambo gani kabla ya kumtuma safari? Ni lipi tunaloweza kumfanyia mgonjwa juma hili?
2. Kwa nini Naamani alitaka kuondoka? Sisi huacha dawa kwa sababu zipi?
3. Ni desturi zipi za wembe na chale ambazo familia yetu inapaswa kuziacha?
4. Nani katika nyumba yetu atakuwa mkumbushaji?

Ndugu uliye katika juma la 5 na umechoka, tunakuomba usishuke peke yako. Mwite jirani, mwite mzee wa kanisa, mwambie muuguzi. Siku zilizobaki zinahesabika, na sisi tutazihesabu pamoja nawe.

Neema ya Bwana wetu iwe pamoja nanyi nyote. Amina.